Nakala ya Kweli: Maneno juu ya Kukusanya Mifano ya Ramani za Kale

(Hotuba iliyosomwa Mamboya, Wilaya ya Kilosa, mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo baadhi yenu huliona kuwa la mchezo, nalo ni kukusanya nakala za ramani za kale. Twayajua maneno yasemwayo nyuma yetu. Yasemwa ya kuwa mishahara yetu huishia katika makaratasi, na ya kuwa mtu ambaye paa la nyumba yake lavuja hana ruhusa ya kununua picha ya dunia. Hatukukasirika, maana katika masengenyo hayo limo swali la haki. Ramani hizi, wasema, si zile za asili, ni nakala tu. Tena zimejaa makosa: milima pasipo na milima, maziwa pasipo na maziwa. Basi nakala ya kitu chenye makosa yafaa nini?

Ndilo swali tutakalolijibu leo, kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza tueleze maana ya jambo lenyewe. Hatusemi juu ya ramani mpya iliyotungwa kwa kuitazama ya zamani, wala juu ya picha ya kupamba ukuta. Twasema juu ya nakala iliyofanywa ili iwe sawasawa na asili: herufi zile zile, mistari ile ile, rangi zile zile, na hata doa la wino aliloliangusha mwandishi miaka mia nne iliyopita. Makarani hawahitaji maelezo marefu. Ukipewa barua yenye kosa ukaambiwa utoe nakala ya kweli, hulisahihishi kosa. Walinakili kama lilivyo, kisha watia sahihi ya kuwa nakala hii ni sawa na asili yake. Ukilisahihisha kimya kimya umeandika barua nyingine, nawe umeishuhudia uongo, hata kama nia yako ilikuwa njema. Yeyote miongoni mwetu aliyepata kukata stensili, akaipaka dawa ya kufutia penye kosa, ajua ya kuwa kosa lake mwenyewe hulifuta, lakini kosa la aliyemwandikia hana amri nalo.

Haya, tuitazame historia, tuone kama nakala ni kitu cha kudharauliwa.

Ptolemy wa Alexandria aliandika kitabu chake cha jiografia yapata mwaka 150 baada ya Kristo. Ndani yake aliitaja pwani ya Azania na mji wa Rhapta, nayo ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, tena akasema habari za Milima ya Mwezi ambako maji ya Nile hutoka. Ramani ya mkono wake haiko popote duniani. Tuzionazo ni nakala zilizoandikwa na wanakili wa Kiyunani zaidi ya miaka elfu moja baada yake, kisha zikapigwa chapa Bologna mwaka 1477 na Ulm mwaka 1482. Kama wanakili wale wangalisema, "Hii ni nakala tu," wakaitupa, tusingalilijua jina la Rhapta katika ramani yoyote.

Hali kadhalika Al-Idrisi. Mwaka 1154, katika kisiwa cha Sicily, alimtengenezea Mfalme Roger wa Pili ramani ya dunia juu ya sahani kubwa ya fedha, na pamoja nayo kitabu chenye ramani 70. Yeye aliweka kusini juu na kaskazini chini, hata mtu aitazamaye leo hudhani ameishika kichwa chini miguu juu. Malindi imo katika habari zake, na Mombasa pia. Sahani ya fedha imepotea. Kitabu kimebaki kwa sababu watu walikinakili kwa mkono, na mwaka 1928 Konrad Miller, Mdachi, aliziunganisha zile sehemu 70 akazipiga chapa kama ramani moja. Nasi tunayo nakala ndogo ya nakala yake.

Tena lipo jambo la Cantino. Wareno walikuwa na ramani kuu ya Serikali mjini Lisbon, nayo ilisahihishwa meli ziliporudi safarini. Ilikuwa siri. Mwaka 1502 Alberto Cantino, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Ferrara katika nchi ya Italia, alijipatia nakala kwa siri kwa dukati 12 za dhahabu. Pwani yetu imeandikwa humo, Kilwa na Mombasa na Malindi, miaka michache tu baada ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498. Leo ramani kuu ya Wareno haipo. Nakala ya Cantino ipo katika maktaba ya Modena, ingawa nayo ilipata misukosuko, hata ikaonekana katika duka la muuza nyama. Asili iliyolindwa na mfalme imepotea, na nakala iliyopita mikononi mwa muuza nyama imesalia.

Basi na tusidharau nakala. Asili ni moja, na moto mmoja waitosha. Nakala zikiwa nyingi, moto hauna budi kufunga safari ndefu.

Sasa tuje kwa swali la makosa, maana hilo ndilo zito.

Mnamo mwaka 1856 ilitolewa ramani ya Afrika Mashariki iliyotungwa na wamisionari wawili wa C.M.S. waliokuwa katika pwani yetu, Jakob Erhardt na Johann Rebmann. Katikati ya bara waliandika bahari moja kubwa mno, yenye umbo la konokono asiye na kombe, wakaiita bahari ya Unyamwezi. Wataalamu wa London walishangaa, wengine wakacheka. Walakini ramani hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya Burton na Speke watumwe, nao wakatoka pwani mwaka 1857, wakapita Usagara, na mwaka 1858 wakaliona ziwa la Tanganyika, na baadaye Speke peke yake akaliona ziwa la Nyanza. Mwaka 1859 Livingstone akafika Nyasa. Ikajulikana ya kuwa bahari ile moja ni maziwa matatu, kila moja mbali na mwenziwe.

Je, kosa lile lilitoka wapi? Erhardt aliwauliza watu wa misafara. Waliotoka njia ya kusini walimwambia ya kuwa mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Waliotoka njia ya kati wakasema vivyo hivyo. Habari za njia ya kaskazini zikawa vivyo hivyo. Naye akaona ya kuwa maji hayo ni mamoja, akayaunganisha. Ndugu zetu, tafakarini hapo. Kila shahidi alisema kweli. Wapagazi na wafanyi biashara, ambao majina yao hayakuandikwa pembezoni mwa ramani ile, walitoa habari sahihi ya walichokiona. Aliyekosea ni mwandishi aliyeziunganisha habari tatu zikawa moja.

Kama mtu angaliipiga chapa tena ramani ile, na kwa huruma akayaweka maziwa matatu mahali pa konokono, angalikuwa ameficha mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kosa la mwandishi na ukweli wa mashahidi. Nakala ya kweli yaviweka vyote viwili mbele yetu ili tuamue wenyewe. Hii ndiyo faida ya kunakili kosa.

Sasa tuwalete nyumbani, hapa Mamboya.

Baadhi yenu mliotoka mbali mlipopanda kuja hapa mmeuliza kwa nini kijiji hiki kitajwe katika hotuba ya ramani. Jibu ni hili. Zamani za misafara, njia itokayo pwani ya Saadani kwenda Mpwapwa ilipita hapa. C.M.S. walijenga kituo chao mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mmisionari wao J. T. Last alikaa hapa, akatembea nchi ya Nguru, akawatazama wafua chuma wa Itumba, akawasikiliza watu. Habari zake zilipigwa chapa London katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia mwaka 1882 na 1883, na jina la mahali hapa, likiandikwa Mamboia, limo katika vichwa vya habari hizo. Mwaka 1886 kikatolewa kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Basi palikuwa na wakati ambapo mtu wa London aliyefungua ramani ya nchi hii alilisoma jina la Mamboya kabla hajalisoma jina la miji mingi iliyo mikubwa leo.

Kisha Wadachi walianza reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nayo haikupita hapa. Ilipita Kilosa, ikafuata bonde la Mkondoa. Biashara ikafuata chuma. Mtu akizipanga nakala za ramani juu ya meza kwa kufuata miaka yake, aweza kuiona njia ya misafara ikififia na jina letu likipunguka herufi zake, bila ya kuambiwa na mtu. Hakuna ramani moja, hata ikiwa nzuri namna gani, iwezayo kusema habari hiyo. Yasemwa na ramani nyingi zikikaa pamoja.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwenu ni hili: msikusanye kwa uzuri, kusanyeni kwa mahali. Mwenye kukusanya kwa uzuri hana mwisho, na mkoba wake utakwisha kabla yake. Mwenye kukusanya kwa mahali pake, ramani moja ya kila zama yamtosha, na kumi ni hazina.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Mmoja wetu, mtu wa mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kunakili kwa karatasi nyembamba kipande cha ramani ya miaka ya 1880. Alipofika penye jina la hapa hakuweza kuvumilia kuliona "Mamboia", akaandika "Mamboya". Alitukabidhi kazi yake kwa furaha. Palikuwa na mabishano usiku ule. Wengine walisema amefanya vema, kwa kuwa jina letu limeharibiwa na wageni kwa miaka mingi, nasi tuna haki ya kulitengeneza. Wengine walisema ya kuwa haki hiyo tunayo katika ramani zetu, si katika nakala ya ramani ya mtu mwingine. Mwisho tulikubaliana karatasi ile inakiliwe upya, yenye "Mamboia" kama ilivyoandikwa, na chini yake, nje ya mstari wa ramani, kwa mkono wetu na kwa tarehe yetu, tuandike: "Wenyeji waandika Mamboya." Ndugu yule hakupendezwa, walakini aliinakili tena, na hadi leo ndiyo kazi yake iliyo bora.

Jambo la pili ni zito kuliko la jina. Ni jambo la mahali peupe.

Mwaka 1749 D'Anville wa Ufaransa alitoa ramani ya Afrika ambayo sehemu kubwa ya bara ilikuwa nyeupe. Waliomtangulia walikuwa wakiijaza nafasi kwa tembo na wafalme wa kubuni. Yeye alikataa, asichokijua hakukiandika. Kwa karani huu ni uaminifu wa kusifiwa. Walakini mahali peupe pana hatari yake, kwa kuwa msomaji mvivu, au mwenye tamaa, husoma "hapajulikani" kama "hapana mtu".

Wadachi nao walitunga ramani kubwa ya nchi hii kwa kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyopigwa chapa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer kuanzia mwaka 1895. Aliianza Richard Kiepert, wakaiendeleza Paul Sprigade na Max Moisel. Ni kazi ya ajabu kwa uangalifu wake. Walakini itazameni vizuri: penye njia aliyopita msafiri pameandikwa kijiji, kijito, kilima na saa za mwendo, mbali na njia ni peupe. Na mwaka huo huo wa 1895, tarehe 26 Novemba, ilitoka amri ya Kaisari iliyosema ya kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Hatusemi ya kuwa ramani ndiyo iliyoleta amri. Twasema tu ya kuwa mtu aliyekaa mezani Berlin, amri mkono huu na ramani mkono huu, hakuwa na la kumzuia asidhani peupe ni patupu.

Siku moja tulitandika nakala ya karatasi mojawapo ya ramani hiyo juu ya mkeka, barazani, ili wazee waitazame. Mzee mmoja alifuata mistari kwa kidole, akafika mahali peupe, akauliza, "Na hapa pameandikwa nini?" Tukamjibu, "Hapajaandikwa kitu, babu." Akatutazama kwa muda, akasema, "Mimi nimezaliwa hapo."

Hakusema kwa hasira. Tulileta karatasi nyingine na kalamu, naye akaanza kutuhesabia: chemchemi hii, mti huu, mahali walipozikwa watu fulani, njia ya wanawake ya kwenda mtoni, ambayo si njia ya wasafiri. Tuliandika majina kumi na moja. Jua likachwa, naye alikuwa amechoka, tukapatana ya kuwa tutarudi baada ya mavuno ili amalizie. Tulirudi baada ya mavuno, tukakuta matanga yamekwisha anuliwa.

Ndugu wanachama, tunayo majina kumi na moja. Yaliyobaki yamekwenda naye, wala hapana maktaba, iwe ya London au Berlin au Washington, tuwezayo kuiandikia barua ikatutumia nakala yake.

Tangu siku ile tumeweka kanuni. Kila nakala ya ramani ya mahali petu huandamana na karatasi ya pili, yenye nambari ile ile, ambayo ni ya maneno ya wazee. Juu ya ramani hatuandiki kitu, maana ni nakala ya kweli na iachwe kama ilivyo. Katika karatasi ya pili twaandika yasiyomo, na jina la aliyeyasema, na siku aliyoyasema. Erhardt hakutuachia majina ya mashahidi wake. Sisi hatuna udhuru wa kufanya vivyo hivyo.

Sasa tuseme machache juu ya namna ya kupata nakala na kuzitunza, maana tumeahidi mashauri na si masimulizi peke yake.

Jihadharini na mtu anayewauzia nakala kwa jina la asili. Miaka kadhaa iliyopita wanne wetu tulichanga fedha, tukanunua kwa mchuuzi mmoja, ambaye hatumtaji wala mji wake hatuutaji, ramani ya Afrika iliyosemwa kuwa ina zaidi ya miaka mia tatu. Karatasi ilikuwa ya rangi ya majani makavu, ikinuka moshi. Tulipoiweka chini ya kioo cha kukuzia, tukaona rangi zake zote ni vitone vidogo vilivyopangwa safu safu kama askari wa gwaride. Ramani za zama zile zilipigwa chapa kwa bamba la shaba lililochorwa kwa chombo cha chuma, na mistari yake ni mistari, si vitone. Tena bamba likibanwa juu ya karatasi huacha alama ya kubonyea kuzunguka picha, nayo huhisiwa kwa kidole. Yetu ilikuwa laini kama uso wa sahani. Uzee wake, twaamini, ulitoka katika birika la chai.

Aibu ilikuwa kubwa, na mama watoto wa mmoja wetu hajaisahau hadi leo. Walakini hatukuichoma. Tuliandika nyuma yake kwa kalamu ya risasi: "Nakala. Iliuzwa kama asili." Ndiyo nambari 1 katika daftari letu, ili kila mwanachama mpya aanze kwa kuisoma hiyo.

Msidhani ya kuwa ni watu wadogo tu wanaodanganyika. Chuo Kikuu cha Yale katika Marekani kilitangaza mwaka 1965 ramani iliyosemwa kuwa ya karne ya 15. Wataalamu walibishana kwa zaidi ya miaka hamsini, na mwaka 2021 chuo chenyewe kikatangaza ya kuwa ni ya kughushi, kwa sababu wino wake una dawa ya titani ambayo haikutiwa katika wino kabla ya karne ya 20. Tofauti ya nakala na kitu cha kughushi si ustadi wa mkono, maana vyote viwili huhitaji ustadi. Tofauti ni kwamba nakala yasema, "Mimi ni nakala."

Juu ya bei, twawapa moyo. Ramani ya Waldseemüller ya mwaka 1507, ambayo ndiyo ya kwanza kuandika jina la Amerika, imesalia moja tu duniani. Maktaba ya Bunge la Marekani iliinunua kwa dola milioni 10, na ununuzi ukakamilika mwaka 2003. Walakini picha yake yote, katika karatasi zake 12, maktaba hiyo hiyo imeiweka katika intaneti, na mtu yeyote aweza kuichukua bila ya malipo. Karani wa hapa alipaye gharama ya kuchapisha dukani humwona Waldseemüller herufi kwa herufi, sawa na tajiri wa Washington. Zamani haikuwa hivyo. Nordenskiöld, yule baharia wa Kiswidi, alipotoa kitabu chake cha nakala za ramani za kale mwaka 1889, wachache tu waliweza kukinunua. Na mwana wa kifalme wa Misri, Yusuf Kamal, alitumia mali yake kukusanya na kupiga chapa nakala za ramani za Afrika kuanzia mwaka 1926 hata 1951, vitabu vikubwa 16. Nazo seti zilizotolewa zilikuwa 100 tu, wala hazikuuzwa. Mwafrika huyo alikuwa na uwezo wa kununua asili nyingi, lakini alitaka bara zima lionekane katika kazi moja, na hilo haliwezekani ila kwa nakala.

Mkipata nakala, fanyeni hivi. Pimeni upana na urefu wake, mkalinganishe na vipimo vya asili, maana nakala nyingi hupunguzwa, na kipimo kilichoandikwa chini yake hakifai tena. Andikeni nyuma, kwa kalamu ya risasi na si kwa wino, mwaka wa asili, mahali asili ilipo, na mwaka nakala ilipofanywa. Msibandike kwa utepe wa gundi, maana gundi hula karatasi. Msitundike penye jua. Zilazeni bapa katika sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, kwa ajili ya unyevu na mchwa; mchwa wa Kilosa hawatambui tofauti ya asili na nakala.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi. Twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, Chama kitenge sanduku moja na daftari moja kwa ajili ya nakala hizi, ili zisibaki chini ya vitanda vyetu zikafa pamoja nasi. Pili, kila tawi lichague mahali pake, likusanye ramani za mahali hapo tu, na nakala moja ya kila karatasi iletwe kwetu, nasi tupeleke zetu kwao. Tatu, nalo ndilo tuliombalo kwa nguvu kuliko yote, kila mwanachama aliye na mzee nyumbani au jirani ampelekee ramani moja kabla ya mvua zijazo, aketi naye, na ampe nafasi ya kuuliza, "Na hapa pameandikwa nini?"

Wale wasemao ya kuwa tumepoteza mishahara yetu kwa makaratasi, twawakaribisha waje walifungue sanduku. Watakuta makosa mengi, kila moja limenakiliwa kwa uaminifu. Pia watakuta karatasi moja isiyo na picha, yenye majina kumi na moja kwa mwandiko wa karani. Hiyo si nakala ya kitu chochote. Ndiyo asili pekee tuliyo nayo, nasi tumekwisha kutoa nakala zake sita.